Sura ya Tano: Kinachofungwa ni Bei, si Bili

Mtanzania anayehamia Uingereza hufika na elimu yake ya umeme, na elimu hiyo humponza. Nyumbani bei ya uniti huidhinishwa na mdhibiti, EWURA, shirika la umeme TANESCO huitoza, na mteja hana la kuchagua. Mwenye matumizi madogo yuko daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti maadamu hajavuka uniti 75 kwa mwezi. Wengi wa majumbani wako T1, shilingi 292 kabla ya kodi, na bei hiyo imekaa miaka mingi hivi kwamba hakuna anayeiuliza. Anachojua mtu ni kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kubonyeza tarakimu ishirini na kutazama uniti zikipungua. Zikiisha, giza.

Mkenya ana nafuu kidogo hapa. Yeye amezoea kwamba tokeni za shilingi elfu moja za mwezi huu hazilingani na za mwezi uliopita, kwa sababu ndani ya bei ya stima mna tozo ya mafuta ya kuzalishia umeme na marekebisho ya thamani ya shilingi, na hizo hupanda na kushuka kila mwezi. Anajua kuwa bei ya umeme ina miguu. Lakini naye, sawa na mwenye mita ya Yaka wa Kampala na mwenye ya Cash Power wa Kigali au Bujumbura, hajawahi kupigiwa simu na kampuni ikimuuliza: je, ungependa tukufungie bei yako kwa mwaka mmoja?

Uingereza swali hilo huulizwa kila siku, kwa barua, kwa simu na kwa tangazo la televisheni, na watu wetu wengi hulijibu bila kulielewa. Wapo wanaokubali kwa sababu neno “kufunga” linatuliza moyo. Wapo wanaokataa kwa sababu mkataba wowote wa Mzungu wanauona una mtego. Sura hii ni kwa wote wawili, na nitaanza na karatasi yenyewe ya bili, maana mkataba wa bei hauwezi kueleweka na mtu asiyejua anatozwa nini.

Ukiondoa mapambo, bili ya nyumba ya Uingereza ina vitu viwili kwa umeme na viwili kwa gesi. Kuna bei ya kila uniti, na kuna ada ya kila siku. Uniti ni ileile ya LUKU, kilowati moja kwa saa moja, na gesi nayo hugeuzwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Ada ya kila siku ndiyo inayowashangaza wageni. Unatozwa kwa kuwa tu umeunganishwa, uwe umewasha taa au umesafiri kwenda Zanzibar miezi miwili. Wazee wa nyumbani wataikumbuka ada ya aina hii: Tanzania iliwafutia wateja wa kawaida “service charge” ya mwezi mwaka 2016, na Kenya ikaondoa ada yake ya shilingi 150 mwaka 2018. Uingereza ada hiyo bado ipo, na ni nzito. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2025 wastani wake kwa mteja anayelipa kwa makato ya benki ulikuwa peni 53.68 kwa siku kwa umeme na peni 34.03 kwa gesi. Jumlisha, zidisha kwa siku za mwaka, unapata kama pauni 320. Hizo ni pauni unazodaiwa kabla hujachemsha chai.

Kipindi hicho hicho uniti ya umeme ilikuwa wastani wa peni 26.35 na ya gesi peni 6.29. Shika namba hizi mbili, maana nitazirudia. Umeme ni ghali mara nne na zaidi kuliko gesi, na karibu kila uamuzi wa busara ndani ya nyumba unatokana na tofauti hiyo.

Bei hizo zinatoka kwenye kile kinachoitwa kikomo cha bei. Mdhibiti wa nishati wa England, Scotland na Wales, Ofgem, alianza kukitumia tarehe 1 Januari 2019 baada ya Bunge kupitisha sheria mwaka 2018. (Ireland ya Kaskazini ina mdhibiti wake na utaratibu wake, msomaji wa Belfast asamehe.) Kinawalinda wale ambao hawajafunga mkataba wa bei: kampuni haiwezi kuwatoza zaidi ya kiwango hicho kwa uniti na kwa ada ya siku. Hubadilishwa kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na viwango vipya hutangazwa mwishoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba.

Sasa sikiliza namna redio ilivyolitangaza jambo hili katika robo hiyo ya 2025: “Kikomo cha bili ni pauni 1,755 kwa mwaka.” Nimewasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakisema basi hata wakiacha hita ikiwaka usiku kucha hawatavuka 1,755. Si hivyo. Hiyo 1,755 ni hesabu ya nyumba ya mfano, inayotumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Kinachowekewa kikomo ni bei ya uniti na ada ya siku. Nyumba ya watu saba yenye madirisha yanayovuja upepo inaweza kufika pauni 3,000 chini ya kikomo hicho hicho, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Mkanganyiko wa pili ni mkubwa kuliko huo, na ndio hasa ulionifanya niandike sura hii. Watu wengi hulipa umeme na gesi kwa makato ya kila mwezi kutoka benki. Kampuni hukadiria matumizi ya mwaka mzima, inagawanya kwa kumi na mbili, inachukua kiasi kilekile kila mwezi. Kiangazi unalipa kuliko unachotumia, akiba inajikusanya. Baridi ikiingia akiba inaliwa. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba mtu akiona pauni 120 zikikatwa mwezi hadi mwezi hudhani amefunga bei. Hajafunga chochote. Bei ya uniti inaweza kuwa imepanda mara mbili tangu Januari, na zile 120 hazikuguswa kwa sababu kampuni haijapiga hesabu upya. Siku ikipiga, barua inakuja: deni pauni 340, na kuanzia mwezi ujao makato ni 185. Ndipo mtu anapolalamika kwamba kampuni imevunja mkataba ambao haukuwahi kuwepo.

Na kinyume chake kipo pia. Mtu amefunga bei kweli, kwa miezi kumi na miwili, kisha mwezi wa tano makato yanapandishwa. Anahisi ameibiwa. Lakini alichofunga ni bei ya uniti. Kama mama amekuja kutoka Mombasa na anahitaji chumba chenye joto mchana kutwa, uniti zimeongezeka, na mkataba haukuahidi kuzizuia. Kwa hiyo ukipokea barua ya kupandishiwa makato, maswali ni mawili tu: bei ya uniti imebadilika, au uniti zimeongezeka? Majibu yote yamo kwenye bili, ukurasa wa pili au wa tatu, mahali ambapo watu hawafiki.

Kuna swali la tatu kwa bahati mbaya. Je, uniti hizo zilisomwa au zilikisiwa? Nyumba isiyo na mita janja, ile inayotuma usomaji yenyewe, hukadiriwa mara kwa mara, na bili husema wazi kama namba ni ya makisio. Makisio yakiwa ya chini, unajilimbikizia deni bila kujua. Yakiwa ya juu, unaikopesha kampuni fedha ambazo zingekwenda Western Union. Piga picha ya mita mwisho wa kila mwezi, tuma namba. Na kama kampuni ilizembea ikakuletea bili ya miaka miwili kwa mpigo, kanuni ya mwaka 2018 inaizuia kukudai matumizi ya zaidi ya miezi kumi na miwili nyuma, ilimradi kosa si lako. Wengi wamelipa madeni ambayo kisheria hayakuwa yanadaiwa tena.

Tuje kwenye kufunga bei kwenyewe.

Kufunga bei ni sawa na kununua magunia ya mahindi ya mwaka mzima wakati wa mavuno. Hujui kama bei sokoni itapanda mwezi wa pili au itashuka kwa sababu ya shehena kutoka nje. Unachojua ni kwamba umeshajua utakula kwa bei gani. Ukiangalia nyuma, kuna miaka utakuwa umefaidika na kuna miaka utakuwa umelipa zaidi ya jirani. Mwaka wa kulipa zaidi haumaanishi ulikosea. Ulinunua utulivu, na utulivu una bei yake. Anayefunga akitaka kumshinda mfanyabiashara ya gesi kwa ujanja anajidanganya, kwa sababu mfanyabiashara huyo ana wachumi wa kutosha ofisini.

Historia ya karibuni inafundisha hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Mwaka 2021 uchumi wa dunia ulipoamka baada ya korona, gesi ikaanza kugombaniwa. Asia ilinunua kwa wingi, maghala ya Ulaya yalikuwa hayajajaa, na Urusi haikuongeza kiasi ilichokuwa inauza. Bei za jumla zikapaa. Kampuni nyingi ndogo za Uingereza zilikuwa zimewauzia wateja bei zilizofungwa bila wao wenyewe kununua gesi mapema ya kutosha. Zilitegemea soko libaki pale lilipokuwa. Soko halikubaki. Karibu kampuni thelathini zilifunga milango ndani ya kipindi kifupi. Kubwa kuliko zote, Bulb, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja na nusu. Novemba 2021 iliwekwa chini ya usimamizi maalumu wa serikali, na baadaye wateja wake wakahamishiwa Octopus Energy.

Wateja wa kampuni zilizokufa hawakukatiwa umeme hata dakika moja. Ofgem iliwagawa kwa kampuni nyingine. Lakini bei yao iliyofungwa ilikufa pamoja na aliyeifunga, wakajikuta kwenye kikomo kama kila mtu. Na gharama za kuwahamisha zikasambazwa kwa nchi nzima, sehemu kubwa kupitia ada ya kila siku, ikawa hata bibi aliyekuwa mteja mwaminifu wa kampuni nzima kabisa amechangia mazishi ya kampuni asiyoijua.

Kisha tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Kikomo kilichokuwa pauni 1,277 kwa nyumba ya mfano mwezi Oktoba 2021 kikawa 1,971 Aprili 2022. Tarehe 26 Agosti ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba kitakuwa 3,549. Aliyekuwa nchini siku zile anakumbuka hofu iliyotanda. Watu walikuwa wakipigiana simu wakiulizana: nifunge sasa hata kwa bei hii ya kutisha, au ningoje? Waliongoja waliona Waziri Mkuu mpya, Liz Truss, akitangaza tarehe 8 Septemba kwamba serikali italipa tofauti na nyumba ya mfano haitavuka pauni 2,500. Kila nyumba ikapewa pauni 400 zaidi kwa mafungu sita majira yale ya baridi. Kikomo cha Ofgem chenyewe kiliendelea kupanda kwenye makaratasi hadi 4,279 Januari 2023, kisha kikaporomoka. Julai 2023 kilikuwa 2,074.

Nani alikuwa na akili hapo? Aliyefunga kiangazi cha 2021, kwa kampuni iliyosalimika, alipita kwenye dhoruba akiwa na bei ya kale. Aliyefunga kwa woga katika wiki zile za mwisho wa Agosti 2022 aliokolewa kwa sehemu na ruzuku, maana serikali iliipeleka hata kwenye mikataba iliyofungwa kwa bei ya juu. Wote wawili walifanya jambo lilelile. Kilichowatofautisha ni tarehe. Ndiyo maana simshauri mtu afunge au asifunge kwa kusikiliza habari za vita. Habari zikishafika kwenye simu yako, zimeshaingia kwenye bei ya mkataba unaoletewa.

Swali ambalo hujitokeza hapa ni kwa nini umeme nao hupanda gesi ikipanda, ilhali Bahari ya Kaskazini imejaa mitambo ya upepo. Jibu fupi: katika soko la jumla la Uingereza, bei ya saa husika huwekwa na mtambo wa mwisho uliohitajika kukidhi mahitaji, na mara nyingi huo ni wa gesi. Upepo wa bei nafuu huuzwa kwa bei ya jirani yake wa gharama. Kuna mikataba ya serikali inayopunguza makali hayo, lakini hatutaingia huko.

Basi mkataba wa bei iliyofungwa usomwe vipi? Usilinganishe jumla ya mwaka waliyokuandikia kwa herufi kubwa. Linganisha namba nne: uniti ya umeme, ada ya siku ya umeme, uniti ya gesi, ada ya siku ya gesi, dhidi ya zile unazolipa sasa. Chukua mfano wa umeme peke yake, wa kubuni. Leo unalipa peni 26 kwa uniti na peni 54 kwa siku. Unaletewa mkataba wa peni 24 kwa uniti na peni 64 kwa siku. Unavutia, si ndiyo? Hiyo nyongeza ya peni kumi kwa siku ni pauni 36.50 kwa mwaka. Kijana anayeishi peke yake Reading na kutumia uniti 1,200 ataokoa pauni 24 kwenye uniti, atapoteza 36.50 kwenye ada: mkataba umemla pauni 12.50. Familia ya Coventry inayotumia uniti 4,000 itaokoa 80, itatoa 36.50, itabaki na 43.50 mfukoni. Mkataba ni uleule. Ndiyo sababu ushauri wa “kampuni fulani ni nzuri” unaotembea kwenye makundi ya WhatsApp hauna maana mpaka aliyeutoa aseme anatumia uniti ngapi.

Tazama pia ada ya kutoka kabla ya muda. Ikiwa ni pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi, basi bei zikishuka, akiba utakayoipata kwa kuhama lazima ivuke 100 ndipo kuhama kwako kuwe na faida. Kuna mikataba isiyo na ada hiyo. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, mimi huchagua hiyo bila kusita, kwa sababu inakupa kinga dhidi ya kupanda bila kukufunga miguu bei zikishuka. Sheria inakupa siku kumi na nne za kughairi baada ya kusaini. Na katika siku 49 za mwisho wa mkataba hawaruhusiwi kukutoza ada ya kutoka. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda, kwa sababu mkataba ukiisha ukakaa kimya utaangukia bei ya kawaida inayobadilika. Si balaa, lakini uwe umeichagua.

Kwa maoni yangu, nani afunge? Mwenye kipato kisichonyumbuka: anayelipwa kwa saa, mwenye watoto wadogo, mzee wa pensheni, na yule anayetuma fedha nyumbani kila mwezi kwa ahadi ambayo haiwezi kuvunjwa. Ikiwa mkataba uko sawa na kikomo au chini yake kwa matumizi yako halisi, funga. Mtu anayekaribia kuhama nyumba, au asiyejua kama atakuwepo nchini miezi sita ijayo, asifunge mpaka amesoma mkataba unasemaje kuhusu kuhama.

Kufunga bei kukishamalizika, zinabaki uniti, na hapa ndipo nyumba zetu hupigana vita mahali pasipo na adui. Baba anazunguka akizima taa na kugomba na watoto. Taa ya kisasa ya wati 10 inahitaji kuwaka saa mia moja ili kumaliza uniti moja, peni 26. Chaja ya simu ni chini ya hapo. Wakati huohuo, chumbani kuna hita ya umeme ya kilowati mbili, iliyonunuliwa sokoni kwa pauni 25 na kusifiwa kuwa haili umeme. Ikiwaka bila kukatika saa tano kwa siku inakula uniti kumi, pauni 2.63, kwa mwezi pauni 79. Joto lilelile likitoka kwenye boila ya gesi lingegharimu takriban robo ya hapo, hata ukihesabu linalopotelea kwenye bomba la moshi. Hita ya umeme ina mahali pake: mtu mmoja, chumba kimoja, nusu saa kabla ya kulala. Kuitegemea kuipasha nyumba moto huku boila imezimwa “ili kubana matumizi” ni kutupa fedha.

Kingine ni bafu la umeme, lile linalochemsha maji papo hapo ukutani. Linavuta kilowati tisa hivi. Dakika kumi ni uniti moja na nusu, peni 40. Watu watano, kila mmoja mara moja kwa siku, ni karibu pauni 60 kwa mwezi. Sisi watu wa pwani kuoga mara mbili ni ustaarabu, siwezi kumwambia mtu aache. Lakini dakika tano zinatosha, na ndoo na kopo havijapigwa marufuku Uingereza. Mashine ya kukaushia nguo nayo hula uniti kadhaa kwa mzigo mmoja. Anika ndani ukipenda, ila fungua dirisha kidogo, la sivyo maji yote ya nguo yatahamia ukutani na kuota ukungu mweusi, na ukungu ni ugonjwa wa kifua kwa watoto.

Kwenye boila kuna kitufe ambacho wengi hawajawahi kukigusa: joto la maji yanayokwenda kwenye radieta. Mafundi wengi huliacha nyuzi 70 au 80. Boila za kisasa hufanya kazi vizuri zaidi likishushwa kufika 60 au chini kidogo. Radieta hazitaunguza mkono, nyumba itachukua muda mrefu kupata joto, lakini gesi itapungua. Tahadhari moja: kama nyumba yako ina tangi la maji ya moto, maji ya tangi yasishushwe chini ya nyuzi 60, kwa sababu ya bakteria. Na usizime kabisa joto la nyumba wakati wa baridi kwa ushujaa. Nyumba ya Uingereza ikipoa hadi kwenye matofali hukutoza kwa njia nyingine.

Sasa kuhusu mita ya malipo ya kabla. Watu wetu huipenda kwa sababu inafanana na LUKU: unapeleka ufunguo wa umeme na kadi ya gesi dukani, unaweka pauni 20, unarudi. Zamani waliokuwa nayo walitozwa zaidi ya wenzao, jambo la aibu kwa kuwa wengi wao ni maskini. Tangu 2023 hali hiyo ilisawazishwa, na sasa anayetozwa ghali zaidi ni yule anayesubiri bili ndipo alipe. Tatizo la mita hii ni ada ya siku. Boila ikizimwa Mei mpaka Septemba, ada ya gesi inaendelea kujihesabu kimyakimya ndani ya mita. Oktoba unaweka pauni 20, salio linasoma ziro. Mtanzania atalielewa hili haraka: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kila mtu anajua uchungu wa kununua umeme na kupokea uniti pungufu. Dawa ni kuweka pauni mbili tatu kila mwezi hata kiangazi. Deni la zamani nalo hukatwa kupitia mita hiyo hiyo, na kiasi kinachokatwa kwa wiki kinaweza kupunguzwa ukiomba. Kampuni inalazimika kuzingatia uwezo wako wa kulipa.

Ukishindwa kulipa, usifiche barua. Mapema mwaka 2023 nchi ilishtuka kusikia watu dhaifu wakivunjiwa milango ili wafungiwe mita za malipo ya kabla kwa nguvu. Kazi hiyo ikasimamishwa, na kanuni zilizofuata zinakataza kuwafungia kwa nguvu, miongoni mwa wengine, nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka miwili, wazee wa zaidi ya miaka 75 wasio na msaada, na wanaotegemea mashine za matibabu. Lakini kampuni haiwezi kujua kuna mtoto mchanga ndani kama hujawaambia. Jiandikishe kwenye rejista ya huduma za kipaumbele; ni bure. Kuna pia punguzo la pauni 150 kila baridi kwa wanaopokea baadhi ya mafao ya serikali. Mwenye viza inayomzuia kupokea fedha za umma asiombe fao lolote kabla ya kuuliza mshauri wa uhamiaji. Kikomo cha bei na mpango wa kulipa deni havihusiani na katazo hilo, hivyo asivikimbie. Malalamiko yasiyotatuliwa ndani ya wiki nane hupelekwa kwa msuluhishi wa nishati, naye hamtozi mlalamikaji.

Neno la mwisho ni kwa waliopanga chumba. Kama mkataba wa umeme uko kwa jina lako, una haki ya kubadili kampuni au kufunga bei, hata nyumba ikiwa ya mtu mwingine. Kama mwenye nyumba ndiye analipa na kukuuzia kwa uniti kupitia mita yake ya ndani, sheria haimruhusu kukuuzia kwa zaidi ya bei aliyonunulia yeye. Hata akiwa mtu wa kwenu. Mwombe akuonyeshe bili, na umwombe kwa adabu, lakini umwombe.